Maswali ya Wasomaji: Saikedeliki, sonona na matatizo ya haiba

Katika toleo lililopita tuliandika kuhusu sonona isiyosikia dawa, na tukagusia kwa mistari michache tiba ya mazungumzo inayosaidiwa na dawa za saikedeliki, yaani dawa zinazobadilisha kwa saa kadhaa namna mtu anavyoona, anavyohisi na anavyojifahamu. Mistari hiyo michache imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua nne, na tumeondoa maelezo ambayo yangewatambulisha walioziandika.

Daktari, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi na mume wangu Perth, Australia. Mume wangu ana sonona kwa miaka mingi sasa. Amekwisha kutumia dawa za aina nne na amepata tiba ya mazungumzo, lakini kila mara hupata nafuu ya muda mfupi kisha akarudi palepale. Sasa daktari wake wa magonjwa ya akili ametueleza habari za silosibini, dawa itokanayo na uyoga. Tuna hofu mbili. Ya kwanza, je, inasaidia kweli? Ya pili, sisi ni Waislamu, na tunaogopa kwamba huu ni ulevi uliovishwa koti la daktari.

Marahaba, dada, na poleni sana kwa safari hiyo ndefu. Nianze na namna tiba inavyofanyika, kwa sababu wengi hudhani kwamba mgonjwa huandikiwa vidonge akaenda kuvimeza nyumbani. Kwanza mgonjwa hukutana na watoa tiba wake mara kadhaa, wakazungumza juu ya maisha yake, hofu zake na kile anachokitarajia. Siku ya dawa hulala katika chumba tulivu, macho yamefunikwa, akisikiliza muziki uliochaguliwa, na watoa tiba, kwa kawaida wawili, hukaa naye kwa saa sita hadi nane bila kumwacha peke yake. Mwili hugeuza silosibini kuwa silosini, nayo hushika vipokezi vya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, hasa vile vya aina ya 5-HT2A. Wapo wanaolia, wapo wanaokutana na huzuni waliyoizika tangu utotoni, wapo wanaopata utulivu mkubwa, na wapo wanaoshikwa na hofu kali kabla ya kutulia. Katika siku na wiki zinazofuata mgonjwa hurudi kuyazungumza yote aliyoyapitia na kuyahusisha na maisha yake ya kila siku. Dawa hulainisha udongo, lakini chungu hufinyangwa kwa mikono, na kwa hiyo mkiambiwa kwamba vikao vya mazungumzo ni vichache mno au havipo kabisa, mna haki ya kuuliza sababu.

Kuhusu kama inasaidia, jibu langu ni kwamba inawasaidia baadhi ya wagonjwa, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa, lakini si kwa kiwango kinachotangazwa na wanaoishabikia. Uyoga huu ulitumiwa kwa vizazi vingi na Wamazateki wa Oaxaca, Mexico, katika ibada zao za uponyaji, na mwaka 1958 mkemia Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz huko Basel, Uswisi, alifaulu kuitenga silosibini kutoka ndani yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliiweka katika jedwali lenye udhibiti mkali kuliko yote, na utafiti ukafifia kwa miongo kadhaa. Mwaka 2016 watafiti wa Imperial College London waliripoti matokeo ya wagonjwa 12 wa sonona sugu, ambao wengi wao walipata nafuu ya haraka. Hata hivyo, watu 12 wanaojua wanachopewa hawatoshi kuthibitisha jambo. Chuo hichohicho kilifanya jaribio la pili, lililochapishwa mwaka 2021, ambalo watu 59 waligawanywa kati ya silosibini na esitalopramu, dawa ya kawaida ya sonona. Kwa kipimo kikuu walichokuwa wamekichagua kabla ya kuanza, baada ya wiki sita hapakuwa na tofauti ya kuaminika kitakwimu kati ya makundi hayo mawili.

Jaribio linalomhusu mumeo zaidi ni lile la kampuni ya Compass Pathways, lililochapishwa mwaka 2022, kwa sababu lilichukua wagonjwa 233 ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Ukali wa sonona ulipimwa kwa kipimo chenye alama 60, na baada ya wiki tatu waliopewa dozi moja ya miligramu 25 walikuwa wameshuka kwa wastani wa alama 12, huku waliopewa miligramu 1, ambayo ni kama dawa bandia, yaani isiyo na nguvu ya kutibu, wakishuka kwa alama 5.4. Tofauti hiyo ina uzito. Lakini ilipofika wiki ya 12, walioendelea kuwa na nafuu tangu mwanzo katika kundi la miligramu 25 walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Katika jaribio jingine la kampuni hiyo, kubwa kuliko hilo, ambalo matokeo yake ya kwanza yalitangazwa mwaka 2025 kwa watu 258, tofauti kati ya dozi moja ya dawa na dawa bandia baada ya wiki sita ilikuwa alama 3.6. Hiyo ni nafuu ya kweli, ila ni ndogo kuliko ile iliyopamba magazeti miaka ya nyuma. Kumbukeni pia kwamba mtu aliyemeza silosibini huwa anajua kwamba ameimeza, na matumaini pekee yanaweza kushusha alama za sonona, kama vile kukata tamaa kwa aliyepewa dawa bandia kunavyoweza kuzipandisha.

Huko mliko, tangu tarehe 1 Julai 2023 madaktari wa magonjwa ya akili walioidhinishwa wanaruhusiwa kutoa silosibini kwa sonona sugu, kwa hiyo daktari wenu hawaelekezi katika jambo la kichochoroni. Mwulizeni kama ana idhini hiyo. Mwelezeni bila kuficha kama katika ukoo wa mumeo kuna mtu aliyewahi kuugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aone yasiyokuwepo, au ugonjwa wa hisia mbili, yaani baipola, kwa sababu watu wenye historia hiyo huondolewa katika tiba hii. Mtajieni kila dawa anayotumia, hasa lithiamu, ambayo ikichanganyika na dawa hizi imewahi kuhusishwa na degedege, na mweleze kuhusu shinikizo la damu, kwa sababu hupanda wakati wa kikao. Dawa za sonona asiziache ghafla kwa kujiamulia mwenyewe. Na ulizeni gharama yote kabla ya kusaini chochote, kwa kuwa tiba hii inahitaji saa nyingi za wataalamu na familia nyingi haziimudu.

Hofu yenu ya pili naiheshimu sana. Mimi si shehe, na hukumu ya dini mtaipata kwa wenye elimu yake. Ninaloweza kufanya ni kuwapa maelezo ya kumpelekea mwanachuoni wenu, ili ajibu kuhusu jambo lenyewe lilivyo: kwamba akili hubadilika kwa muda wa saa kadhaa, kwamba dawa hutolewa mara moja au mara chache chini ya uangalizi, kwamba haileti utegemezi wa mwili kama pombe au heroini, na kwamba tiba nyingine zimekwisha kujaribiwa bila mafanikio. Mwelezeni pia ukali wa ugonjwa. Mwanachuoni anayejua kwamba sonona inaweza kumwua mtu atalipima swali hili tofauti na yule anayedhani kwamba mumeo ana huzuni tu.

Daktari, binti yangu ana miaka 24. Tangu akiwa sekondari hisia zake hupanda na kushuka ndani ya siku moja, huogopa mno kuachwa, na mara kadhaa amejikata mikono. Mwanasaikolojia hapa Dar es Salaam amesema ana tatizo la haiba la aina inayoitwa bodalaini. Binamu yake aliyeko Marekani anasema kule kuna uyoga unaoifuta akili na kuianzisha upya, na anataka kumpeleka Oregon. Binti amekwisha kuamini kwamba huko ndiko atakakopona. Nimruhusu?

Mama, usimruhusu kwa sasa, na nitakueleza sababu kwa kirefu ili uweze kuzungumza naye kama mtu mzima, maana kukatazwa bila maelezo kunaweza kumfanya aondoke akiwa na hasira.

Tatizo la haiba ni tatizo la kudumu katika namna mtu anavyojiona, anavyohisi na anavyohusiana na wengine, na yale majaribio ya sonona niliyoyataja hapo juu hayakumhusu mtu kama binti yako. Lile la watu 233 liliwaondoa tangu mwanzo wenye tatizo la haiba la bodalaini, na majaribio mengine makubwa yamekuwa na tahadhari ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo mtu anapokwambia kwamba uyoga umethibitishwa, umethibitishwa kwa kiasi fulani kwa kundi ambalo yeye hayumo. Yaliyopo kuhusu watu wenye matatizo ya haiba ni tafiti ndogondogo na masimulizi ya mgonjwa mmojammoja, na juu ya msingi kama huo siwezi kumshauri mzazi amkabidhi mwanawe.

Watafiti hawakuwaondoa watu hawa kwa ubaguzi. Dawa za saikedeliki huzikuza hisia na kuuondoa ulinzi ambao mtu ameujenga ndani yake. Kwa mtu ambaye sonona imemkausha, kufunguka huko kunaweza kuwa faraja. Kwa binti ambaye hisia zake tayari hazina breki, na anayemtegemea kwa nguvu zote yeyote anayemwonyesha upole, saa nane za kuwa wazi kabisa mbele ya wageni wawili, na kisha kuachana nao baada ya wiki chache, zinaweza kumrudisha kwenye lile analoliogopa kuliko yote. Zaidi ya hayo, katika jaribio lile la mwaka 2022 mawazo ya kujiua au vitendo vya kujidhuru viliripotiwa katika makundi yote, nao walikuwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu na waliokuwa wakifuatiliwa kwa karibu.

Historia nayo inatuonya. Katika hospitali ya Powick nchini Uingereza, tangu miaka ya 1950, daktari Ronald Sandison aliwapa wagonjwa LSD, dawa nyingine ya saikedeliki, pamoja na tiba ya mazungumzo, na huko Denmark hospitali ya Frederiksberg ilifanya hivyo kati ya mwaka 1960 na 1973 kwa mamia ya wagonjwa, wakiwemo watu ambao leo tungesema wana matatizo ya haiba. Madaktari hao waliamini kwa dhati kwamba wamepata ufunguo, na wapo wagonjwa walionufaika. Lakini wapo pia walioondoka na mateso ya miaka mingi, kiasi kwamba Denmark ilitunga sheria ya kuwafidia mwaka 1986, na Uingereza mwaka 2002 wagonjwa 43 wa zamani wa Powick walilipwa fidia nje ya mahakama. Si hayo ya zamani tu. Mwaka 2015, katika jaribio la tiba ya MDMA, dawa nyingine inayobadilisha hisia, nchini Kanada, mgonjwa mmoja alivukiwa mipaka ya mwili na watoa tiba waliopaswa kumlinda. Mtu aliye chini ya dawa hizi hana nguvu ya kukataa kama alivyo siku nyingine, na kila mzazi anapaswa kulijua hilo.

Kuhusu Oregon yenyewe, ni kweli kwamba wapiga kura waliidhinisha huduma za silosibini mwaka 2020 na vituo vikaanza kupokea watu mwaka 2023. Lakini utaratibu wa huko haudai kwamba anayekaa na mteja awe daktari au mwanasaikolojia, na huduma hiyo haihesabiwi kuwa matibabu ya ugonjwa wowote. Serikali kuu ya Marekani bado inaipiga marufuku dawa hiyo. Binti yako akizidiwa wiki mbili baadaye, akiwa ugenini na bila bima, ni nani atakayepokea simu yake usiku?

Sasa nikupe habari ambayo nadhani hujaambiwa, nayo ni njema. Tatizo la bodalaini lina tiba, ijapokuwa hakuna hata dawa moja iliyoidhinishwa mahsusi kwa ajili yake. Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle alibuni tiba ya mazungumzo inayomfundisha mgonjwa, hatua kwa hatua, namna ya kuvumilia dhoruba ya hisia bila kujidhuru, namna ya kuomba anachokihitaji bila kuvunja uhusiano, na namna ya kuyakubali maisha yake huku akiyabadilisha. Jaribio lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1991 na mengi yamefuata. Huko London, Anthony Bateman na Peter Fonagy wakaanzisha nyingine inayomsaidia mgonjwa kusimama kidogo na kujiuliza ni nini hasa kinachoendelea moyoni mwake na moyoni mwa mwenzake kabla ya kutenda. Mary Zanarini na wenzake wa hospitali ya McLean, Massachusetts, waliwafuatilia wagonjwa 290 wenye tatizo hili kwa miaka 10, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walipitia angalau miaka 2 mfululizo bila kuwa na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Kurudi katika kazi na mahusiano yaliyotulia kulikuwa kugumu zaidi, takriban nusu yao ndio waliofika huko, lakini hata hilo ni tofauti kabisa na kauli unayoisikia mitaani kwamba mtu wa namna hii habadiliki.

Mwulize mwanasaikolojia wenu kama amefundishwa mojawapo ya tiba hizo, au kama anaweza kutumia sehemu zake, hasa stadi za kuvumilia dhiki. Kama hawezi, mwombeni awaelekeze Muhimbili au kwa mwenzake anayeziweza. Wapo wanaotoa huduma kwa njia ya mtandao. Wembe na dawa zilizomo nyumbani ziwekwe mbali. Anapojikata, msafishe kidonda bila kumfokea na bila kumfanyia kikao cha ukoo, kisha siku inayofuata, akiwa ametulia, mwulize ni nini kilichotangulia. Na binamu yake mwambieni kwamba fedha za tiketi na kituo cha Oregon zingeweza kulipia vikao vya kila wiki hapa nyumbani kwa muda mrefu.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Nairobi. Kuna watu wanauza chokoleti za uyoga mtandaoni, na wanasema kwamba ukila kidogokidogo kila siku huzuni inaisha. Ni kweli?

Hapana, mwanangu. Majaribio niliyoyaeleza yalitumia dozi moja au mbili kubwa, zilizopimwa maabara na kuambatana na tiba ya mazungumzo. Hayakuhusu kutafuna vipande vidogo kila asubuhi, na katika tafiti zilizolinganisha vipande hivyo na dawa bandia, sehemu kubwa ya nafuu ilitokana na matarajio. Chokoleti ya mtandaoni hujui ina nini ndani yake, na uyoga wa porini unaofanana na mwingine unaweza kuharibu ini ukamwua mtu. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 kuhusu dawa za kulevya inaipiga marufuku silosibini, kwa hiyo unahatarisha pia masomo yako. Kama huzuni hiyo ni yako mwenyewe, na imekaa zaidi ya wiki mbili ikikunyima usingizi, hamu ya kula au hamu ya kuishi, nenda wiki hii kwa mnasihi wa chuo au kliniki ya afya ya akili, na umweleze pia habari ya chokoleti kama umekwisha kuila. Hatakushitaki.

Daktari, mimi ni muuguzi katika kituo cha afya mkoani Kagera. Tumesoma kwamba ketamini, ambayo sisi tunaitumia chumba cha upasuaji, inatibu sonona. Je, hatuwezi kuianza hapa? Na kama haiwezekani, sisi wa vijijini tuendelee kusubiri mpaka hizo dawa mpya zifike?

Ni kweli kwamba ketamini, kwa dozi ndogo kuliko ya usingizi wa upasuaji, inaweza kupunguza sonona kali ndani ya saa chache, na kwamba FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha jamaa yake, esketamini ya kupuliza puani, mwezi Machi 2019 kwa sonona sugu. Haifanyi kazi kwa njia ya silosibini, kwani yenyewe hugusa mfumo wa glutameti, kemikali nyingine inayopeleka ujumbe katika ubongo. Lakini nafuu yake mara nyingi hupungua baada ya siku chache, hivyo hurudiwa, na kurudiwa huko ndiko kunakoleta hatari ya uraibu na ya kuharibika kwa kibofu cha mkojo. Mgonjwa wa esketamini huangaliwa kwa saa mbili baada ya kila dozi, presha yake ikipimwa. Msiianze kituoni kwenu bila daktari wa magonjwa ya akili na bila mwongozo wa wizara. Mgonjwa mwenye sonona kali mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa, naye aliye hatarini kujiua asindikizwe na mtu.

Kusubiri nako si lazima, na hapa nyinyi wa Kagera mko karibu na ushahidi kuliko mnavyodhani. Ng'ambo ya mpaka wenu, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2003 walichukua vijiji 30, na katika nusu yake wakaunda vikundi vya watu wenye sonona, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, wakikutana kwa dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha na upweke, na wakatafuta pamoja namna ya kukabiliana navyo. Hapakuwa na kidonge chochote. Katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, waliotimiza vigezo vya sonona kubwa walishuka kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5, ilhali katika vijiji vingine walishuka kutoka asilimia 94 hadi takriban 55.

Waliowaongoza wenzao hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji wanaozungumza Kiganda, waliopewa mafunzo ya wiki mbili na kisha kusimamiwa. Shirika la Afya Duniani limeutoa mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi bila malipo, na muuguzi mwenye chumba kimoja cha faragha, wahudumu wawili wa afya ya jamii na mratibu wa afya ya akili wa wilaya wa kumsimamia anaweza kuomba kibali cha kuanza na kikundi kimoja.